Salamu ya Herufi Mbili

Old Kampala, Ijumaa alasiri

Kwa binti yangu Zaituni,

Inatangazwa kwa wakazi wote wa nyumba hii, kwa majirani wa kulia na wa kushoto, na kwa yeyote mwenye sikio, kwamba leo saa nane na dakika kumi mchana sanduku la bati la Zaituni limekubali kufungwa. Limefungwa baada ya upinzani mkali. Walioshiriki katika operesheni hiyo ni baba yako, aliyekaa juu ya kifuniko upande wa bawaba, na mimi, niliyekaa upande wa kufuli, ambako uzito zaidi ulihitajika. Hakuna aliyeumia isipokuwa kanga moja iliyobanwa pindo. Wananchi wanaombwa kuwa watulivu na kuendelea na shughuli zao.

Baba yako anasema sanduku alilolichomelea kwa mikono yake huko Katwe halina kosa. Kosa ni la mtu aliyeongeza vikombe sita vya kauri dakika ya mwisho. Mtu huyo ni mimi. Vikombe ni vya Bi Mwanaidi na usithubutu kuvitoa, hata kama pale mpakani Malaba watalimwaga sanduku lote barabarani. Viokote, vifute vumbi, endelea na safari.

Nakuandikia ukiwa Mulago, pale jirani na hospitali, kwa shangazi yako. Najua anachokuambia sasa hivi: ule nini, umwogope nani, ulale saa ngapi, na kwamba vijana wa Mombasa wana maneno matamu kuliko halua. Anayasema vizuri kuliko nitakavyoyasema mimi, tena kwa sauti ya kusikika mpaka wodi za juu, kwa hiyo hayo nayaruka yote. Mimi nina jambo moja tu. Kwa jinsi unavyonijua, jambo moja langu hula karatasi nyingi.

Kwanza sheria ya barua hii: haivuki mpaka. Kesho asubuhi utaikuta chini ya sahani yako ya mandazi. Isome hapo hapo, kisha iingize kwenye sigiri chini ya birika. Yaliyomo si ya kukutwa kwenye mkoba wa msichana kwenye kizuizi cha askari. Baba yako ukimwona anakohoa kwa moshi, mwambie mama ameandika mengi.

Sasa jambo lenyewe. Unakwenda Mombasa kukaa chumba kimoja cha kazi na Bi Mwanaidi, mwanamke ambaye nimezungumza naye karibu kila siku kwa miaka kumi na moja na sijawahi kumwona uso. Ndiye aliyekutafutia kazi. Anajua nilipojifungua Hamisi, anajua nilivyoumwa meno, anajua ugomvi wangu na wifi yangu kuhusu lile sufuria. Na anajua jambo moja juu yangu ambalo wewe hulijui. Hajawahi kulisema, wala sidhani atalisema. Lakini nakujua wewe. Wiki ya kwanza haitaisha kabla hujamsimulia, kwa majivuno, ile hadithi ya mama yako na Owori. Bi Mwanaidi atanyamaza. Wewe si mjinga, utakisoma kile kimya. Na mimi sitaki ukisome kwake kabla hujakisoma kwangu.

Nianzie mbali kidogo, nivumilie.

Nilipoajiriwa na kampuni ile ya kupitisha mizigo, wewe ulikuwa darasa la pili, nami nilidhani nimeitwa kupiga chapa barua. Wakanipeleka kwenye chumba cha nyuma wakanionyesha teleprinta, mashine kubwa kama cherehani iliyomeza cherehani nyingine. Nikaambiwa, mama, ukigonga herufi hapa Kampala, herufi hiyo hiyo inajigonga Jinja, Tororo, Nairobi na Mombasa, sasa hivi, kwenye karatasi ya kule, na wao wakigonga wewe unasoma hapa. Ofisi tano, waya mmoja. Nikasema astaghfirullah. Yule fundi akacheka, akaniambia nisiogope, hii ni kama baraza tu, ila mnakaa mbali mbali.

Ila baraza hili halina macho ya kukonyezana. Linakwenda kwa amri. Ukitaka Jinja peke yake unaandika JI, mashine ya Jinja inaamka na nyingine zinaendelea kulala. Ukitaka kila mtu asikie unaandika ZZ, na zote zinaamka kwa kishindo. Ukimaliza unagonga N nne mfululizo, laini inafungwa. Usipogonga zile N, laini iko wazi, na wote ulioamsha wanaendelea kusoma kila unachoandika, hata kama unadhani unaongea na mmoja. Haya unayajua. Nilikufundisha kwenye meza ya jikoni, kwa vitufe nilivyochora juu ya boksi la sabuni, nawe ukinicheka kwamba mashine yetu imekatiwa umeme.

Usichojua ni kwamba mwalimu wako hakuwa akizigonga zile N. Au tuseme, aligonga alipokumbuka. Wewe tangu mdogo unafunga vitu: unafunga chupa ya mafuta, unafunga mlango wa kuku, unanifungia mimi vifungo vya nyuma vya gauni. Mimi huacha. Nina haraka ya kwenda kwenye neno linalofuata.

Basi mwaka wangu wa pili, Bwana Mkubwa wa Nairobi alitutembelea. Alipoondoka nikawatangazia wote, ZZ, kwamba mheshimiwa amepanda ndege salama. Kesho yake asubuhi nikaona sasa nimpe Bi Mwanaidi habari zenye chumvi. Nikaandika: MO SHOGA ULIKOSA. SURUALI IMEISHIA JUU YA VIFUNDO KAMA MTU ANAVUKA MTO. SOKSI MOJA NYEKUNDU MOJA KAHAWIA. Nikaegemea kiti nikisubiri acheke. Karatasi ikaanza kujiandika, polepole, na mwanzoni mwa mstari haikuwa MO ya Mombasa. Ilikuwa NA, Nairobi, na baada yake KA, ndiyo mimi Kampala.

NA KA ASANTE. FUNDI WANGU AMEARIFIWA. SOKSI YA PILI IKO KWA DOBI.

Tangazo la jana sikulifunga. Wote wanne walikuwa wamesoma. Tororo wakagonga nukta, nukta, nukta, kama mtu anayekohoa msikitini. Na kutoka Jinja hakikuja kitu, ila kengele. Mashine ile ina kengele ndani, mtu wa upande wa pili anaweza kuigonga akitaka uamke. Ikalia mara saba, ikanyamaza, ikalia saba tena. Huyo alikuwa Owori anacheka.

Owori alikuwa mwendesha mashine wa Jinja, mtu wa Busia, baba wa watoto watatu, anajenga nyumba yake Bugembe tofali kwa tofali. Naye sikuwahi kumwona. Lakini nilimjua kwa mkono. Mtu akigonga herufi, zinakufikia kwa mwendo wake mwenyewe, kama unavyojua ni nani anapanda ngazi kabla hajabisha hodi. Bi Mwanaidi alikuwa anatiririka bila kituo. Owori alikuwa anapigilia: herufi tatu, anapumua, herufi tatu, anapumua, kama anayetundika picha ukutani.

Makao makuu walikataza salamu. Walituletea karatasi ya kubandika: laini ni ya kazi. Sasa mwambie mtu wa Mombasa aombe namba ya behewa la kahawa bila kujua umeamkaje. Bi Mwanaidi alivumilia nusu siku. Halafu akatunga herufi mbili, HJ, ndiyo hujambo, na anayejibu anaandika SJ. Zinapita kabla bwana mkubwa hajapepesa macho. Tukashika hivyo sote watano. Sisi hatukuanza neno lolote bila HJ, hata siku ghala la Tororo liliposhika moto. Tororo waliandika HJ, wakasubiri SJ, ndipo wakasema tunaungua.

Unaweza kucheka. Lakini kile kitufe chenye alama ya msalaba unakikumbuka? Ukikigonga unaiuliza mashine ya upande wa pili, wewe nani? Nayo inajibu yenyewe: JINJA. Itajibu JINJA hata kama aliyekaa mbele yake ni paka. Miaka ile ilipoanza kuwa mibaya, mtu anakwenda kazini asubuhi na jioni kiatu chake ndicho kinachorudi, tulianza kuelewa kwamba jina la mashine halitoshi. HJ ndiyo ilituambia kwamba ni mwenyewe, na kwamba yuko peke yake.

Sasa ile hadithi. Unaijua kwa moyo kwa sababu shangazi yako huisimulia kila penye pilau.

"Huyu wifi yangu mnayemwona," huanza, "mnene, mwoga wa mijusi, anayelia akimenya vitunguu! Watu wenye bunduki wanaingia ofisini, wanamtaka Owori. Meneja yuko chooni. Makarani chini ya meza. Salama amekaa! Wanamwambia andika, muulize huyo mtu kama yupo. Anaandika. Lakini hakuandika salamu! Kusudi! Owori kule akajua hapa pana shari, akatoka mlango wa nyuma. Wale wakasema uliza tena, wifi yangu akaijaza mashine herufi za kichawi, RYRYRY, robo saa nzima, wakachoka wakaondoka! Na chai yake anakunywa!"

Hapo wanawake hupiga vigelegele. Mimi hutazama chini kwa unyenyekevu mkubwa, nikinyoosha mkono kuchukua sambusa.

Wewe uliisimulia shuleni. Mwaka jana uliniambia, pale ukiwa unanisuka, kwamba kazi hii unaitaka kwa sababu ya siku ile. "Nataka kuwa mtu anayejua la kufanya, mama, kama wewe." Nilikuambia kichwa kinauma, usivute sana. Kichwa hakikuuma.

Basi soma polepole.

Siku yenyewe ilianza na sukari. Ulikuwa mdogo lakini unakumbuka foleni zile. Kampuni ilipata katoni kadhaa, sijui kwa nani na sikuuliza, na asubuhi ile nikapewa kazi tamu kuliko zote: kuwatangazia ofisi zote kwamba kila mfanyakazi atapata kilo mbili. Nikagonga ZZ, nikaandika SUKARI mara tatu, na kabla sijafunga laini nikasikia katoni zinafunguliwa stoo. Nikakimbia. Wallahi, kwa mwili huu, nilikimbia. Zile N nne sikuzigonga.

Nimerudi na mfuko wangu kifuani, nawakuta watu wawili chumbani kwangu. Mmoja shati la maua, suruali pana chini, miwani myeusi ndani ya nyumba. Wa pili alibaki mlangoni, na kilichokuwa chini ya koti lake sikukitazama. Meneja alikuwa chooni kweli, hilo shangazi yako hakuongeza. Karani wetu alikuwa amesimama ukutani, ametoa macho.

"Owori iko wapi?" akauliza yule wa miwani.

Karani kimya.

"Nauliza nyinyi. Owori ya kampuni hii. Iko wapi?"

Zaituni, hapa ndipo penyewe. Hawakujua kwamba yuko Jinja. Walikuwa na jina tu na jina la kampuni, wakadhani ni mtu wa Kampala. Karani alijua wanachokitafuta, akafumba mdomo wake, kijana wa watu. Na sikuulizwa mimi. Macho ya yule mtu yalikuwa kwa karani.

Mimi nikasema, "Yuko Jinja, afande. Naweza kukuulizia kwa mashine kama yupo leo."

Sikushurutishwa. Nilijitolea. Nimejiuliza mara nyingi sauti ile ilitoka wapi, na jibu halipendezi. Nilikuwa naogopa, ndiyo, lakini karani naye aliogopa. Mimi nikiogopa huwa msaidizi. Huwa mkarimu. Nataka mtu anayenitisha aone kwamba nina faida. Na kingine, nitakiandika kwa sababu nimesema nitaandika yote: nilikuwa najivunia mashine yangu. Nilitaka waone inavyofanya kazi.

Yule mtu akageuka. Akaitazama. "Hii kitu nafika Jinja?"

"Sasa hivi tu, afande."

"Haya, mama. Wewe uliza. Ambia yeye akae hapo hapo, wageni nakuja."

Nikakaa. Nikaandika JI. Nikagonga kitufe cha msalaba, mashine ikajibu JINJA, yule mtu akaguna kwa kupendezwa, nami, Mungu anisamehe, nikafurahi kwamba amependezwa. Kisha nikaandika: OWORI YUPO? ASIONDOKE. WAGENI WANAKUJA KUTOKA KAMPALA. Nimeihifadhi karatasi ile mpaka leo, imekunjwa ndani ya cherehani. Hakuna kosa hata moja la herufi. Mtu anayetetemeka kwa ajili ya rafiki yake angekosea walau moja.

Na HJ? Sikuiandika. Miaka mingi nilijaribu kujiambia kwamba vidole vyangu vilikataa, kwamba roho ilijua. Hapana, mwanangu. Niliisahau kwa haraka, kwa sababu kulikuwa na mtu mkubwa nyuma yangu. Ukiwa unamfurahisha mkubwa, salamu ya rafiki ndiyo kitu cha kwanza kuanguka mezani.

Owori akaisoma kule Jinja. Halafu yakaja maneno ya Owori, herufi tatu, anapumua: KA SUBIRI KIDOGO. Hakukuwa na kengele. Ndiyo maneno yake ya mwisho kutoka kiti kile. Alisimama akaacha koti kwenye kiti ili ionekane amekwenda haja, akapita mlango wa nyuma, na jioni alikuwa Busia kwao na usiku wake ng'ambo ya mpaka, Kenya. Mke na watoto walimfuata baada ya karibu mwaka. Nyumba ya Bugembe mpaka leo ni kuta bila paa. Alikisoma kile kisichokuwepo kwenye karatasi yangu. Akili hiyo ilikuwa yake, haikuwa yangu.

Na laini ilikuwa wazi, unakumbuka. Sukari. Kila nililoandika lilikuwa limesomwa Tororo, Nairobi na Mombasa. Bi Mwanaidi aliniambia baadaye sana kwamba alikuwa anatia sahihi barua, akainua macho akaona mstari kutoka kwangu usio na salamu, akaweka kalamu chini.

"Sasa uliza tena," yule wa miwani akaniambia. "Kidogo ni ngapi? Na wewe uliza hiyo ofisi, iko nani ingine hapo."

Nikanyoosha mikono, Zaituni. Nikanyoosha mikono niulize. Nilikuwa naandika JI.

Ndipo karatasi ikaanza kujaa yenyewe. RYRYRYRYRY, mstari mzima, halafu mwingine, halafu mwingine. Utaijua kazi hiyo Jumatatu: kila asubuhi ofisi moja hupima waya kwa utepe wa karatasi uliotobolewa, umeunganishwa ncha kwa ncha kama bangili, unazunguka na kuandika herufi hizo mbili mpaka uuondoe. Bi Mwanaidi aliutia utepe wake kwenye mashine, akaufungulia kwa ofisi zote, akakunja mikono. Wawili wakiandika kwa pamoja kwenye waya mmoja maneno yanavurugika. Herufi zangu zilisagwa humo kama karanga. Na simu ya Jinja ilikuwa imekufa tangu juzi yake.

"Hii nasema nini?"

Nikasema, "Sijui, afande," na hiyo ilikuwa kweli tupu. Sikuelewa. Shoga yangu anamwokoa mtu mbele ya macho yangu na mimi nafikiri mashine imeharibika. Nilikasirika! Nilikuwa naipiga pembeni kwa kiganja ili iache.

Robo saa. Yule mtu alivua miwani, akaivaa. Mwishowe akasema, "Mashini yako mbaya, mama."

"Mbaya kabisa, afande."

Wakaondoka kwenda Jinja kwa gari, na walipofika walilikuta koti.

Meneja akatoka chooni. Akaiona karatasi, mistari na mistari ya RY, akaona swali langu juu lisilo na salamu. Yeye kumbe alijua habari ya HJ siku zote. Akanitazama, machozi yakamjaa. "Bi Salama," akasema, "hukumsalimu. Umefanya kusudi." Nikafungua mdomo nikanushe. Karani, ambaye aliona yote, aliyenisikia nikijitolea, alikuwa amekaa chini ameshika kichwa na hakusema neno. Mtu akaniletea chai. Ilikuwa na vijiko vinne vya sukari, na mimi nilikuwa na miezi sijaonja chai ya namna hiyo. Nikanywa. Nilipomaliza kikombe, hadithi ilikuwa tayari imefika mapokezi, na jioni ilikuwa kwa shangazi yako.

Kesho yake asubuhi kutoka Mombasa ulikuja mstari mmoja. HJ. Nikajibu SJ. Kisha: KA FUNGA LAINI. Nikagonga N nne. Lawama zaidi ya hiyo hajawahi kunitolea. Yule karani aliacha kazi mwaka uliofuata, na siku ya kuaga alinipa mkono kama wengine wote, na macho yake hayakunikimbia. Yangu ndiyo yaliyokimbia.

Miezi ikapita. Siku moja mchana mashine ikaamka, MO, na herufi mbili zikaja: HJ. Haukuwa mkono wa Bi Mwanaidi. Zilikuwa zimepigiliwa. Nikakaa nikizitazama. Vidole vyangu, vilivyokuwa na haraka siku ile, safari hii havikusogea mpaka zikaja tena, HJ, kama mtu anayebisha hodi mara ya pili na anajua umo ndani. Nikaandika SJ. Nikaandika nisamehe, nikaifuta kwa mstari wa X, maana waya ule ulikuwa na masikio mengi. Nikaandika tena SJ. Na kengele ikalia mara saba.

Nilitaka kuchukua hizo kengele kama risiti ya msamaha. Sijui kama ndivyo. Labda alikuwa anacheka tu, labda alikuwa ananionyesha yu hai. Owori sasa yuko ghalani Mombasa, ng'ambo ya ua wa ofisi yako. Utamtambua kabla hujamwona, msikilize akipanda ngazi. Vikombe sita havikuwa vyote vya Bi Mwanaidi. Vitatu ni vya Owori. Nilisema uongo mwanzoni mwa barua, unaona ilivyo rahisi.

Sina wasiwasi na wewe, nakuambia kweli. Unafunga vitu. Na siku utakayoogopa, maana itakuja, pengine utakuwa kama yule karani. Mimi nilidhani ushujaa una kelele. Aliyekuwa nao chumbani mle alikuwa amenyamaza.

Shangazi yako sijamwambia bado. Nitajaribu, lakini si kwenye pilau. Wewe, akiianza tena, mwache amalize.

Kesho ukishaitia barua hii motoni nitakuwa jikoni, nimekupa mgongo, najifanya nakoroga uji ambao hakuna aliyeuomba. Usifikirie cha kusema. Ingia tu, uniamkie kwanza, kama asubuhi zote, na mimi nitaitikia. Likishapita hilo, sema lolote unalotaka kuniambia.

Mama yako,
Salama